Wasomaji Wanauliza: Shule inapotaka kuwaenzi waliopita pale

Toleo lililopita tuliwaomba walimu, wajumbe wa bodi na watu waliosoma shule za sekondari za zamani watuletee maswali kuhusu tuzo na kuta za heshima ambazo shule nyingi zinaanzisha siku hizi. Barua zimekuwa nyingi. Tumechagua zinazogusa mambo yanayokwama mara kwa mara, na majibu yameandaliwa na watu wa kumbukumbu za shule, wa hafla na wa karakana za mabango.

Shule yetu inatimiza miaka 50. Bodi imetuagiza tuwape tuzo waliosoma hapa na kufika mbali. Kikao cha kwanza kiliishia kutaja majina, watu wakakwaruzana, tukaahirisha. Tulikosea wapi?
— Mwalimu wa taaluma, Songea

Mwalimu, mlitaja majina kabla ya kuandika vigezo. Jina likishatua mezani, kila kigezo kinachofuata kitaonekana kimetungwa ama kumbeba mtu huyo ama kumzuia, hata kama aliyekitoa hakuwa na nia hiyo. Anzeni upya, na kikao cha kwanza kiwe cha kanuni tu. Mwenyekiti atangaze mapema kwamba atakayetaja jina la mtu atakatizwa.

Kamati ya watu saba inatosha: makamu mkuu wa shule, walimu wawili (mmoja awe mkongwe anayezijua kabati za ofisi), mjumbe mmoja wa bodi, wawili waliosoma hapo katika miongo tofauti, na mmoja wa nje asiye na undugu wala ukereketwa na shule. Mkutubi wa wilaya au mkuu wa shule mstaafu kutoka kwingine anafaa sana. Akidi iwe watano. Huyo wa saba ndiye mnayeweza kushawishika kumwacha, kwa kuwa hamjui shule. Msimwache: ndiye pekee anayeweza kuuliza "ushahidi uko wapi?" bila kuonekana ana chuki.

Kanuni zikae katika ukurasa mmoja. Mfano unaofanya kazi ni huu. Anayependekezwa awe amesoma hapo si chini ya miaka miwili, na iwe imepita miaka 10 tangu aondoke. Alama ziwe 100: mchango wenye ushahidi 40, manufaa kwa watu wengine 30, mwenendo 20, uhusiano wake na shule 10. Hiyo 10 ya mwisho msiiongeze. Ikifika 30, mtu aliyejenga choo au kuleta kompyuta atampita daktari aliyetumikia hospitali ya mkoa miaka 35, na tuzo itakuwa imegeuka stakabadhi ya mchango.

Kila mjumbe ajaze alama peke yake, kwenye karatasi, kabla ya mjadala. Mkianza kwa kuongea, wadogo watafuata wakubwa. Kisha toeni wastani. Asiyefika 70 asubiri mwaka mwingine. Mjumbe mwenye ndugu, mwenza wa biashara au mwajiri wake kwenye orodha atoke nje ya chumba jina hilo linapojadiliwa, na muhtasari wa kikao uandike kwamba alitoka. Wateule watatu au wanne kwa mwaka wanatosha. Mwaka wa kwanza mtatamani kuwapa 20 "kufidia" miaka 50 yote. Matokeo yake hafla inakuwa ya saa sita na hakuna atakayekumbuka nani alipewa kwa lipi.

Anzeni miezi minane kabla ya siku yenyewe: mwezi mmoja wa kanuni, miwili ya kupokea mapendekezo, miwili ya kuhakiki, mmoja wa kupiga kura na kuandika barua, miwili ya ubao na maandalizi. Hatua inayokula muda kila mara ni uhakiki.

Tumepata pendekezo la mtu anayejulikana nchini. Yeye mwenyewe husema alisoma kwetu, lakini tumepekua rejista ya miaka yake na jina halimo. Tumkatae?
— Mkutubi wa shule, Bukoba

Bado. Kwanza mjue mnatafuta jina gani. Majina ya utotoni na ya utu uzima hayafanani kama tunavyodhani, na kwa kizazi cha kabla ya uhuru tofauti ni kubwa zaidi.

Chukua Mwalimu Nyerere. Alisoma Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, lakini alibatizwa na kuitwa Julius Desemba 1943, alipokuwa ameshaondoka hapo. Anayepekua kumbukumbu za Tabora akitafuta "Julius" anatafuta jina ambalo kijana huyo hakuwa nalo, alikuwa Kambarage. Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa Alliance, Kikuyu, katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, alikuwa James Ngugi, na vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina hilo. Profesa Wangari Maathai alimaliza Loreto Limuru mwaka 1959. "Maathai" linatokana na jina la mumewe, Mathai, nayo "a" ya ziada aliiongeza mwenyewe baada ya talaka. Ukiikagua rejista ya 1956 kwa herufi M ukitafuta Maathai, utafunga daftari na kusema hakupita pale.

Kwa hiyo muulizeni mhusika, au familia yake, maswali manne kabla ya kufungua daftari: jina la ubatizo au la Kiislamu alilotumia shuleni, jina la baba lilivyoandikwa wakati huo, shule ya msingi aliyotoka, na bweni alilolala. La mwisho linasaidia kuliko linavyoonekana. Orodha za mabweni, picha za timu na ratiba za zamu mara nyingi zilibaki pale ambapo rejista iliraruka au kuliwa na mchwa.

Kwa wanawake ongezeni swali la tano: jina kabla ya kuolewa. Na tahajia zichukulieni kwa upana. Karani mmoja aliandika Rashid, mwingine Rashidi. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja katika madaftari matatu.

Rejista ikishindikana kabisa, nendeni kwenye mitihani. Hapa mjue ni baraza gani lilikuwa na dhamana mwaka huo, la sivyo mtaandika barua kwa ofisi isiyohusika. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya nchi kujitoa mwaka 1971 katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Kabla ya hapo vyeti vilikuwa vya Afrika Mashariki, na nyuma zaidi vya Cambridge. Kwa Kenya, baraza la taifa lilianza 1980, na mitihani ya KCE (Kidato cha Nne) na KACE (Kidato cha Sita) iliendelea mpaka mwishoni mwa muongo huo, ndipo KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ikaingia mwaka 1989. Cheti halisi cha mhusika mwenyewe kina jina la shule au namba ya kituo; mwombeni nakala, kwa adabu, mkieleza kwamba kila mteule anaombwa.

Angalieni pia jina la shule. Duke of York ya Nairobi ndiyo Lenana School ya leo, Prince of Wales ndiyo Nairobi School; Aga Khan ya wavulana Dar es Salaam ikawa Tambaza; King George VI ya Unguja ikawa Lumumba. Majengo ya Mkwawa, Iringa, yalikuwa ya sekondari na leo ni ya chuo kikuu kishiriki. Mtu anaweza kuwa anasema kweli kabisa kwamba alisoma "hapo hapo", ila cheti kinasema kingine.

Kanuni yetu: vithibitisho viwili vya aina tofauti. Cheti na picha ya darasa, au rejista na ushuhuda wa maandishi wa watu wawili waliokaa naye darasa moja. Kumbukumbu za mtu mmoja, hata awe mwalimu mkuu wa zamani, hazitoshi peke yake.

Kuna mteule aliyesoma kwetu Kidato cha Tano na cha Sita tu. Shule aliyomalizia Kidato cha Nne inasema ni wao. Nani mwenye haki?
— Katibu wa jumuiya ya waliosoma, Tanga

Nyote wawili. Rais mstaafu Kikwete alikuwa Kibaha kuanzia 1966 hadi 1969, kisha Tanga School 1970 na 1971. Hayati Mkapa alipita Ndanda na Pugu. Shule zote hizo zina haki ya kumwandika ukutani. Kinacholeta ugomvi ni maneno. Msiandike "zao la shule yetu"; andikeni miaka na vidato: "Kidato cha V–VI, 1970–1971". Mkiandika hivyo hakuna wa kubisha.

Wasomaji wa Kenya wenye mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, bila Kidato cha Tano na cha Sita) hawana shida hii kwa vizazi vya karibuni, ila kwa waliosoma kabla ya mfumo huo kukita mizizi, kidato cha sita mara nyingi kilisomwa shule nyingine. Ulizeni.

Je, aliyeacha shule kabla ya kumaliza, au aliyefukuzwa, anaweza kuenziwa?
— Mjumbe wa bodi, Kisumu

Aliyeacha anaweza, kama kanuni yenu inahesabu miaka aliyosoma na si cheti. Wengi waliondoka kwa kukosa karo. Tom Mboya alikuwa Mang'u katika miaka ya 1940, akatoka kwenda Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya. Sidhani kuna mtu Mang'u anayetaka kumfuta.

Aliyefukuzwa ni suala la kusoma faili. Kama ni mgomo wa chakula wa miaka 40 iliyopita, bodi inaweza kuandika azimio fupi na kusonga mbele. Kama kuna mtu aliyeumizwa, mtafuteni huyo kwanza, kabla ya kumwandikia mteule barua.

Na mwalimu aliyefundisha hapa lakini hakusoma hapa?
— Msomaji, Kisarawe

Fungueni kundi lake. Nyerere alifundisha St. Francis, Pugu, kabla ya kujiuzulu 1955; ni mwalimu wa Pugu, si mwanafunzi wake, na ubao unaochanganya mambo hayo mawili unapotosha watoto wanaousoma kila siku.

Tuko pwani. Ubao wetu wa kwanza ulikuwa wa chuma chenye herufi za stika. Mwaka wa tatu herufi zimebanduka na kutu imechuruzika ukutani. Tutengeneze wa aina gani, na uwe na ukubwa gani?
— Mkuu wa shule, Mtwara

Mkuu, kilichowaangusha ni vitu viwili tofauti. Stika iliyowekwa palipo na jua la moja kwa moja hukauka gundi na kusinyaa kingo. Haikuundwa kwa kazi ya miaka. Kutu iliyochuruzika nayo mara nyingi haitoki kwenye kibao bali kwenye skrubu. Fundi anafunga kibao kizuri kwa skrubu za chuma cha kawaida, na metali mbili tofauti zikikutana penye chumvi na unyevu, ile dhaifu huliwa haraka. Skrubu ziwe za metali ile ile ya kibao. Hili mliandike kwenye oda, msiliache kwa maneno ya mdomo.

Kwa pwani, kama kibao kitakaa nje au kwenye veranda, ombeni stenlesi ya daraja la 316, herufi zichongwe na kujazwa rangi. Ya 304, ambayo ndiyo wauzaji wengi wanayo dukani, itapata madoa ya rangi ya chai ndani ya miezi. Shaba inapendeza, lakini karibu na bahari itataka kusuguliwa kila mwezi, na kila msuguo unakula herufi. Kama hakuna mtu mwenye kazi hiyo kwenye ratiba yake, msinunue shaba.

Ushauri wetu lakini ni kuuingiza ndani ubao huo, ukumbini au kwenye maktaba, na kuufanya wa mbao kama shule kongwe zilivyofanya. Mninga uliokaushwa vizuri unadumu. Uliokatwa juzi utapinda, na herufi zitapasuka kufuata nyufa za mbao. Mkikosa mninga mkavu, plaiwudi ya milimita 18 yenye fremu ya mninga ni bora kuliko mninga mbichi.

Hesabu yake hii hapa. Karatasi moja ya plaiwudi ni sentimita 244 kwa 122. Ilazeni. Acheni sentimita 6 kila upande kwa fremu, na 20 juu kwa jina la shule na nembo. Zinabaki 90 kwenda chini. Mstari mmoja kila sentimita 4.5 unawapa mistari 20. Upana uliobaki, 232, ugawanywe safu tatu za sentimita 77 hivi. Jumla nafasi 60. Mkiandika watu wanne kwa mwaka, ubao unatosha miaka 15. Wengi hujaza ubao mzima mwaka wa kwanza kwa herufi kubwa, kisha mwaka wa pili wanatafuta pa kubandika.

Herufi za majina ziwe na urefu wa milimita 20, za miaka na maelezo 12. Mtu aliyesimama mita mbili atasoma bila kukodoa macho. Ukingo wa chini wa ubao uwe sentimita 90 kutoka sakafuni. Wa juu utafika mita 2 na kidogo. Ukipandishwa zaidi ya hapo, safu za juu zinakuwa mapambo.

Rangi ya dhahabu ya kopo ni mtego. Ung'avu wake unatokana na vumbi la shaba, ambalo hugeuka kahawia kadiri hewa inavyoligusa. Rangi ya mafuta ya njano iliyokoza, juu ya mbao nyeusi au kahawia, itaonekana dhahabu kwa mbali na haitafifia upesi. Pakeni vanishi kwenye mbao kabla ya herufi. Mkipaka vanishi juu ya herufi, siku mnayotaka kurekebisha kosa moja mtaharibu safu nzima.

Ubao wa namna hii una uzito wa kilo 30 na ushee bila fremu. Ufungwe sehemu sita, kwa fisha (vizibo vya skrubu ukutani) za milimita 8 na skrubu ndefu, na uache nafasi ya sentimita 2 kati yake na ukuta kwa vipande vya mbao. Nafasi hiyo hupitisha hewa, na pia humwezesha mlinzi kuona njia ya mchwa kabla haijafika kwenye mninga.

Kabla fundi hajashika brashi, chapeni orodha yote kwa herufi kubwa, kila mteule au familia yake aweke sahihi mbele ya jina lake. Kisha watu wawili waisome kwa sauti, mmoja akitaja herufi moja moja kuanzia nyuma kwenda mbele. Ukisoma jina unalolijua kwa njia ya kawaida, jicho linasahihisha kosa lenyewe na hutaliona.

Na vyeo: msiandike "Waziri", "Mkurugenzi" wala "Hayati". Vyeo hubadilika, na kuhusu uhayati, ubao utawakuta wote. Andikeni jina, mwaka wa kumaliza, kazi iliyomfanya ateuliwe kwa maneno matatu au manne, na mwaka wa tuzo.

Familia imetupa picha ya pasipoti ya mwaka 1968, ndiyo pekee. Tunataka kuikuza iwe kubwa ukutani. Inawezekana?
— Msomaji, Moshi

Inategemea kubwa kiasi gani. Picha ya pasipoti ina upana wa milimita 35 tu. Ukiiskani kwa 1200 dpi (nukta kwa kila inchi) unapata pikseli kama 1,650 kwa upana, na hizo zikichapwa vizuri, kwa 300 dpi, zinatoa picha ya sentimita 14. Yaani karibu nusu ya karatasi ya A4. Mkienda A3 mtaona chembechembe za karatasi ya zamani badala ya uso. Afadhali picha ndogo ndani ya fremu yenye ukingo mpana mweupe. Ukutani inapendeza na haisemi uongo.

Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 ina nafuu: skani kwa 600 dpi inatosha kuchapa A4 kamili. Msiipige picha kwa simu juu ya meza, taa itaacha doa. Na msimruhusu kijana wa duka la steshenari "aisafishe" kwa programu ya simu inayobuni sura upya. Picha nyingi za wazee zimerudi zikiwa na macho ya mtu mwingine.

Picha asilia irudishwe kwa familia siku ile ile mliyoskani, na muandikishane.

Orodha yetu ya mapendekezo ina majina 41. Wanasiasa 22, wanawake 4. Shule imekuwa ya mchanganyiko kwa muda mrefu. Tufanyeje?
— Mwenyekiti wa kamati, Dodoma

Mlitangaza wapi? Kama tangazo lilikwenda kwenye kundi moja la WhatsApp la waliosoma, mmepata watu wanaokumbukwa na kundi hilo. Watu hupendekeza waliowaona kwenye televisheni.

Geuzeni kazi. Chukueni rejista, chagueni mwaka mmoja kila muongo, mkae na watu watatu wa darasa hilo mkiuliza jina moja baada ya jingine: huyu yuko wapi, anafanya nini? Ni kazi ya alasiri mbili kwa kila darasa. Hapo ndipo wanapotokea muuguzi mkunga wa zahanati ya kata, mtafiti wa mbegu, fundi wa meli, hakimu wa mwanzo, mwalimu wa wasioona. Kwa wanawake tafuteni kwa majina ya ubinti, kama tulivyosema juu. Wengi wao hawajapotea, wamebadilisha jina tu.

Fomu yenyewe nayo iangalieni. Ikiuliza "vyeo alivyoshika" itawaletea wenye vyeo. Ikiuliza "alifanya nini, nani alinufaika, nani anaweza kuthibitisha", italeta watu wengine. Fomu isizidi kurasa mbili, ipatikane kwa karatasi pia.

Mwaka jana hafla ilianza saa tatu asubuhi ikaisha saa kumi. Waheshimiwa walihutubia, walioenziwa walipewa dakika mbili mbili. Wanafunzi walisinzia. Je, kuna ratiba inayofaa?
— Naibu mwalimu mkuu, Machakos

Ipo: hafla nzima ichukue muda wa saa mbili na nusu, basi. Wageni waketi saa tatu, shughuli ianze saa tatu na nusu. Wimbo na dua, dakika 10. Mwalimu mkuu, 10. Kila mteule dakika 12: mwanafunzi anasoma wasifu wake kwa dakika 3, anakabidhiwa, anaongea dakika 7, picha 2. Kwa wateule wanne hiyo ni dakika 48. Kwaya au ngoma 15. Mgeni rasmi 15. Kisha wateule wanaingia madarasani, kila mmoja darasa moja, dakika 40, bila jukwaa wala kipaza sauti. Sehemu hiyo ndiyo wanafunzi huizungumzia mabwenini usiku, kwa hiyo msiikate muda ukibana, kateni hotuba. Jumla mmefika dakika 138, na 12 za kupumulia.

Kinachovunja ratiba ni salamu. Mwanasiasa mmoja "akisalimia kwa dakika moja", wote waliopo watataka. Dawa ni barua ya mwaliko inayosema wazi nani atazungumza, na mshereheshaji anayewatambua wengine wote kwa majina wakiwa wamekaa. Mgeni rasmi asiwe mtu anayegombea cheo mwaka huo. Na msifanye harambee siku hiyo hiyo: mtu aliyeitwa kupewa heshima asije akajikuta anatajiwa kiasi cha kutoa mbele ya watoto.

Tarehe: kwa Tanzania epukeni Mei, mtihani wa Kidato cha Sita, na Oktoba hadi Novemba. Kwa Kenya muhula wa tatu wote ni wa watahiniwa. Angalieni na Ramadhani, kama chakula ni sehemu ya shughuli.

Mfanyabiashara aliyesoma kwetu ameahidi bweni, ila amedokeza kwamba angependa kuwa miongoni mwa wateule wa mwaka huu. Tunahitaji bweni kweli kweli.
— Jina limehifadhiwa

Mshukuruni kwa bweni kama bweni. Shule inaweza kuweka jina lake kwenye jengo, kwa kibao chenye neno "mfadhili", na hilo ni heshima kamili. Tuzo apite mlango ule ule wa wengine: apendekezwe, ahakikiwe, apigiwe kura na kamati isiyohusika na ujenzi. Mwambieni mapema, kwa mdomo, mkuu wa shule akiwa na mjumbe mmoja wa bodi. Barua kwa jambo kama hili humkera mtu bure.

Fedha za ujenzi na za tuzo zisikae akaunti moja. Jumuiya ya waliosoma ikitaka kukusanya michango kwa jina lake, Tanzania Bara isajiliwe kwanza kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Na shule ya serikali isianze kuchangisha kabla ya kuzungumza na halmashauri yake.

Mteule wetu wa miaka mitatu iliyopita sasa ana kesi mahakamani. Wazazi wanataka jina lifutwe leo.
— Mjumbe wa kamati, Mwanza

Kesi si hukumu. Kama kanuni zenu hazina kipengele cha kuondoa jina, kiandikeni sasa, kwa maneno ya jumla, bila kumlenga: jina litasitishwa kutajwa hadharani shauri likiwa mahakamani, na litaondolewa kwa kura ya theluthi mbili ya kamati akipatikana na hatia na rufaa zikiisha, au akithibitika kudanganya katika uteuzi wake. Mpaka hapo acheni jina ukutani, msimwalike jukwaani.

Likija kuondolewa, safu yake ipakwe rangi ya mbao na ibaki tupu. Msiandike mwingine juu yake. Herufi za chini huonekana jua la jioni likipiga upande.

Tuwaarifu wateule kabla ya kutangaza, au tuwashtukize siku ya hafla?
— Mwalimu, Lamu

Waarifuni. Kuna wanaokataa, na wana sababu zao. Simu kwanza, kisha barua yenye nafasi ya kujibu ndani ya siku 14, ikiomba ridhaa ya maandishi ya kutumia jina, picha na wasifu. Kwa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa marehemu, ridhaa itolewe na familia, na muulize ni nani anayesemea familia hiyo kabla ya kumpigia mtoto wa kwanza mliyempata namba yake.

Wasifu mtumieni ausome kabla haujachapwa. Atarekebisha miaka, na mara nyingi atawaomba mwongeze jina la mwalimu fulani wa hesabu.